Jina Lililotolewa Paani

Nilipika maharage na nyama ya nguruwe, nikaoka mkate wa mahindi, nikaoka maboga, nikatoa ramu yote iliyookolewa motoni, kisha nikakaa kwenye gogo kungoja watu. Hakuja mtu. Hata mbwa wa jirani hakuja, na mbwa yule akisikia harufu ya nguruwe hana adabu hata kidogo.

Mume wangu Asahel alikuwa amesimama katikati ya miti yake. Kiunzi chote cha nyumba yetu mpya kilikuwa kimelala chini kwenye majani, nguzo huku, boriti kule, kila ulimi wa kuungia umechongwa na kila tundu la kuupokea limetobolewa, bado kuinuliwa tu. Na kwetu Hadwen nyumba haiinuliwi na mtu na mkewe. Seremala humaliza kuchonga, anatangaza siku, kijiji kizima kinakuja. Wanaume wanasukuma kwa miti mirefu yenye ncha za chuma, wanawake wanapika, jioni nyumba imesimama na watu wamelewa. Hakuna anayelipwa. Wao wanakuja kwako mwaka huu, nawe utakwenda kwao mwaka mwingine.

"Labda wamekosea siku," nikasema.

"Hawajakosea, Hitty," Asahel akasema. "Tazama madirisha."

Nikatazama bondeni. Kweli, walikuwa madirishani wanatuchungulia. Loo, nilivyokasirika! Maana nyumba walizojificha ndani yake, karibu zote, ni Asahel aliyezichonga. Ya msagishaji, ya mhunzi, hata ya kaka yangu Shemasi Eliphalet. Tena ni yeye aliyezipa majina. Hiyo nayo ni desturi yetu: kiunzi kikishasimama, seremala hupanda mpaka juu kabisa, anakaa juu ya boriti ya paa kama aliyepanda farasi, anatamka jina la nyumba kwa sauti, anavunja chupa. Jina likishatoka paani halirudi. Nyumba ya msagishaji aliiita Tumbo la Unga, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na mpaka leo ukiulizwa unakwenda wapi unasema nakwenda Tumbo la Unga. Asahel alikuwa mtu mpole, lakini akiwa juu paani alikuwa na mdomo.

Ni mdomo huo uliotuponza, ila safari hii aliufungulia chini, kanisani, kwenye mkutano wa kijiji. Ilikuwa majira ya machipuko, damu ilikuwa imekwisha kumwagika karibu na Boston kati ya wanamgambo wetu na askari wa Mfalme wa Uingereza, na kila mwanaume anatembea na bunduki hata akienda kukamua ng'ombe. Kaka yangu, mwenyekiti wa Kamati ya Usalama, aliuliza kama yupo mwenye neno. Hakutaka kujibiwa. Asahel akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "kodi mimi siipendi. Nani anaipenda? Lakini hebu tuambizane ukweli. Wafaransa walipotuchomea mashamba, tulimlilia nani? Askari wa Mfalme walikuja wakafa hapa, wengine wamelala hapo nyuma ya ukuta. Leo tunaambiwa tuchangie gharama, tunaita wizi. Haya, mnasema Bunge halina haki ya kututoza na sisi hatuna mtu wetu mle. Nakubali. Limekosea. Basi tulalamike! Kodi ya stempu si tulipiga kelele wakaiondoa?"

"Kaa chini, seremala!" akapayuka mhunzi. "Nenda kahutubie mbao zako!"

"Mbao zinasikiliza kuliko wewe," Asahel akamjibu, na watu wakacheka, kwa sababu walikuwa bado wanampenda. "Kodi ya chai, usipokunywa chai hulipi. Lakini hii kamati yenu inamvunjia mtu madirisha, inampaka mtu lami na manyoya kwa neno alilosema akiwa anakula nyumbani kwake. Nani aliipigia kura ifanye hivyo? Mimi sikuipigia. Nikilalamika, nilalamike kwa nani? Nguzo ikioza mguu, mimi nakata pale palipooza, naunga mti mpya. Siangushi nyumba watoto wakiwa ndani."

Hawakucheka tena. Ndio ikawa mwisho wa watu kututembelea.

Mimi mwenyewe msiniulize habari za Mfalme. Sijapata kumwona, naye hajapata kuniona, na hiyo Kongresi ya wanaompinga vilevile. Niliona Asahel amesema kweli, lakini ukweli ule ungeweza kukaa kimya nyumbani. Agosti cheche ilitoka kwenye dohani, nyumba yetu ya zamani ikaungua asubuhi moja, majirani wakaja na ndoo wamechelewa kidogo kuliko ilivyo desturi. Tukahamia kwenye banda la kondoo. Nami nilikuwa na mimba. Watoto wawili nilikwisha kuzika, wote wa majira ya baridi, na huyu alitarajiwa Januari. Banda lile lilikuwa na nyufa ambazo mkono unapita. Nilichokuwa nataka duniani kilikuwa kimoja: paa kabla ya theluji.

Siku ile ambayo watu hawakuja, Eliphalet alifika alasiri, peke yake, amevaa koti la kanisani. Akatazama masufuria yaliyojaa.

"Dada, unaendeleaje?"

"Nina maharage ya kulisha jeshi, kaka. Chukua uwapelekee wanamgambo wako."

"Usinikasirikie mimi. Kijiji kimeamua. Anayemwita adui ndugu yake, sisi hatuwezi kumkopesha mgongo." Akamgeukia Asahel. "Shemeji, mimi nakutafutia njia. Wengine walitaka uapishwe kanisani kwamba umemkana Mfalme, usimame kwenye njia ya katikati kama mzinzi. Nikawaambia hapana, huyu ni shemeji yangu. Tutakuja kuinua nyumba yako, sote. Ila ukipanda paani, unaipa jina tutakalokupa sisi. Unaiita Uhuru. Basi. Ukilitamka mbele ya watu wote, hakuna atakayekuuliza tena."

"Na nisipolitamka?"

"Basi miti yako itaoza hapo ilipolala. Na tangu leo huvuki daraja la kijito. Kamati imeamua hilo pia."

"Nimefungwa shambani kwangu," Asahel akasema, "na wanaonifunga wanataka niite nyumba Uhuru. Shemeji, katika majina yangu yote ya paani sijapata kutunga la kuchekesha hivyo."

Eliphalet akawa mwekundu. Akaondoka bila kula.

Nikamrukia mume wangu. "Ni neno tu, Asahel! Neno moja! Ukilisema utakufa?"

"Jina la paani si neno tu. Mtoto wetu atakulia chini yake."

"Mtoto wetu atakufa chini ya kondoo! Shikilia ukweli wako, sawa, lakini uambie ukunyonyeshee mtoto." Nilisema maneno mengine ambayo siyarudii. Akaenda kufunika miti yake kwa magome ili mvua isiipate.

Tukaanza kuishi maisha ya mnyama aliyefungiwa. Msagishaji alikataa mahindi yetu, nikawa nayachemsha mazima na majivu, tunatafuna mpaka taya zinauma. Mhunzi alikataa kumpigilia ng'ombe wetu vyuma vya kwato. Jumapili sikuweza kwenda kanisani na mume, na kwenda peke yangu sikutaka. Asahel kila asubuhi alitembea mpaka darajani, anasimama, anarudi. Upande wa pili mara nyingi alikuwepo mtu na bunduki amekaa juu ya ukuta wa mawe, wakati mwingine mtu ambaye Asahel alimtengenezea kitanda cha harusi. Walikuwa wanasalimiana. "Umeamkaje, Asahel?" "Nimeamka, ndugu. Baridi leo." "Baridi kweli." Kisha anarudi. Adabu ile iliniudhi kuliko matusi.

Majani yakageuka mekundu, yakaanguka. Mashimo ya nguzo tuliyoyachimba yakaanza kuganda asubuhi. Siku moja Asahel akasema tujaribu wenyewe, pande moja tu la kiunzi, lile dogo la jikoni. Akafunga kamba, akapitisha juu ya tawi la mwaloni, akamfunga ng'ombe. Mimi nilishika kamba ya pili kuzuia lisiyumbe. Likapanda. Jamani, lilipanda vizuri! Likafika mabegani, likafika kichwani, nami nikaanza kucheka kwa furaha. Ndipo ng'ombe, kwato zisizo na chuma, akateleza kwenye jalidi. Kamba ikanichomoka mikononi, ikachukua ngozi. Pande zima likashuka, na Asahel alikuwa chini yake. Alijitupa pembeni. Nguzo ilitua pale kilipokuwa kichwa chake.

Nilikaa chini nikashika tumbo. Maumivu yalikuja, yakazunguka mgongoni, nikajua ni uchungu, nao haujafika wakati wake. Tukangoja. Asahel alipiga magoti mbele yangu ameshika mikono yangu iliyochubuka. Yakapungua. Yakaondoka. Mtoto akapiga teke.

"Mwite kaka yako," Asahel akasema. "Mwambie jina litatoka paani."

Nilivuka daraja, kaka yangu akaniahidi kwamba nyumba itasimama, na walikuja wote. Tumbo la Unga lilikuja na magunia, mhunzi alikuja akampigilia ng'ombe vyuma vya kwato kabla hata hajaombwa, wake zao wakanikumbatia kana kwamba nilikuwa safarini. "Hitty, umekonda!" Thubutu, nisikonde kwa mahindi ya majivu? Nikawaambia hivyo hivyo, nao wakatazama chini, wakaendelea kukata vitunguu.

Lakini ukitaka kumwona Asahel, umwone siku ya kuinua. Siku hiyo seremala ndiye mkuu. Awe shemasi, awe kapteni wa wanamgambo, anatii sauti yake, kwa sababu asipotii mtu anapondwa. "Wote pamoja, inua! Shikilia! Wa kushoto mmelala? Inua!" Kamati nzima ya Usalama ilikuwa chini ya mti wake inatoka jasho. Ulimi ukaingia kwenye tundu bila kugongwa mara mbili, na wanaume wakawa wanasema, "Ala, huyu mtu anachonga!" kana kwamba si wao waliomwacha aoze.

Lile pande kubwa la katikati lilipokuwa limesimama nusu, watu wameliinamia kwa miti yao, misuli inatetemeka, Asahel alikuwa juu na nyundo ya mti na kigingi mkononi. Bila kigingi hicho hakuna aliyeweza kuachia. Akasita. Niliona, na wote waliona. Chini yake hasa alikuwa kaka yangu, uso umewiva, macho yanamwangalia yeye juu.

"Shemeji," Asahel akasema, "sogeza mguu wako wa kulia. Nguzo ikitua hapo utahubiri kwa mguu mmoja."

Eliphalet akasogeza. Kigingi kikapigwa. Watu wakapumua wakacheka, lakini kaka yangu hakucheka.

Ikabaki jina. Asahel akapanda na chupa kiunoni, akakaa juu ya ile boriti ya mwisho, miguu inaning'inia. Huku chini tulikuwa tumeinua vichwa wote. Nami moyoni nilikuwa nasema, liseme, mpenzi wangu, liseme ushuke tule.

"Haya, shemeji!" Eliphalet akaita. "Tunakusikiliza!"

"Mnanisikia wote? Hata wewe msagishaji, uliyeziba masikio tangu majira ya machipuko?"

"Nakusikia, nakusikia!" Watu wakacheka.

"Basi muwe mashahidi. Nyumba hii nimeichonga mimi, na sitaki hata kigingi chake. Nampa mke wangu Mehitabel na mtoto aliye tumboni. Kamati ikija kutwaa mali ya adui wa nchi, ikute adui hana kitu."

Kicheko kikakatika.

"Na kwa desturi yetu," akaendelea, "mwenye nyumba akiwa na jina lake, analitoa yeye. Seremala kazi yake ni kuvunja chupa. Hitty! Nyumba yako inaitwaje?"

"Hatukukubaliana hivyo!" Eliphalet akapiga kelele.

"Mlitaka jina litoke paani. Nimesema litatoka. Hitty!"

Watu wakanigeukia. Wanawake niliokuwa nimesimama nao wakasogea kando, nikabaki peke yangu na mwiko mkononi. Sikuwahi kufikiri kwamba litanifikia mimi. Kwetu mwanamke haulizwi, mawazo yake yanahesabiwa ni ya mumewe, nami kwa wiki zote zile nilikuwa nimelitaka neno lile kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Nilikuwa nimemwambia ni neno tu. Sasa lilikuwa mdomoni mwangu na halitoki.

Nilimtazama Asahel. Hakuwa ananikomesha, namjua. Uso wake ulikuwa ule wa mtu anayengoja kuona kama mti utakaa. Nikaelewa alichokifanya: paa lilihitaji jina lile, naye hakuweza kulisema, kwa hiyo aliligawa, mimi nichukue paa na neno, yeye achukue yatakayofuata. Na ningesema jina gani jingine? Mtoto aliniegemea ubavuni. Upepo ulikuwa na theluji ndani yake.

"Uhuru," nikasema.

"Paza sauti!" akaita msagishaji.

"Uhuru! Inaitwa Uhuru! Mmesikia? Shibeni!"

Asahel akaitikia kidogo kwa kichwa, vile anavyofanya ulimi ukiingia vizuri tunduni, akavunja chupa. Watu wakashangilia, wakapiga bunduki hewani. Nami nilisimama na mwiko wangu, nalia kwa hasira, na watu wakadhani ni furaha.

Alipofika chini ya ngazi, Eliphalet na wawili wa kamati walikuwa wanamngoja.

"Nyumba imepata jina," kaka yangu akasema. "Wewe hujasema kitu."

"Wala sitasema, shemeji."

"Basi utakwenda gerezani mjini mpaka useme."

"Kaka!" nikapiga yowe. "Uliahidi! Uliniahidi mimi!"

"Niliahidi paa, dada. Paa hilo hapo."

Nikamrukia, wanawake wakanishika kwa sababu ya tumbo. Asahel alinibusu kichwani, ananuka mbao mbichi. Akanipa nyundo yake. "Milango iwekwe kabla ya theluji," akasema. "Mwambie Eliphalet aining'inize. Ana mkono mzuri kwa milango, kuliko kwa siasa." Akaondoka nao. Darajani yule wa bunduki alisimama akampisha, akamsalimia.

Walimaliza kuta na paa katika siku zilizofuata. Sikuwazuia. Kaka yangu aliweka milango.

Mtoto alizaliwa Januari, msichana, analia kwa nguvu, mwekundu kama jogoo. Moto ulikuwa mkubwa na upepo haukupita popote. Nje theluji ilifika madirishani, na kila nilipomtazama amelala nilijua kwamba bandani angekwisha kufa. Hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote. Kila anayepita njiani ananiita, "Habari za Uhuru, Hitty?" nami najibu nzuri, kwa sababu ndilo jina la nyumba na nilitoa mimi. Habari za Asahel hakuna anayeuliza. Nilisikia kwa mchuuzi kwamba gereza ni la mawe, chini ya ardhi, na anakohoa.

Februari Eliphalet alikuja na gunia la unga. Akajikung'uta theluji, akambeba mpwa wake, akambembeleza. Akapigapiga nguzo ya katikati kwa kiganja.

"Imara," akasema.

"Aliyeichonga yuko shimoni."

"Ndilo lililonileta." Akakaa. "Dada, wanaruhusu mke kwenda kumwona. Nitakupeleka mwenyewe na mkokoteni. Atakusikiliza wewe. Mwambie alitamke tu, mbele ya mlinzi, hata kwa kunong'ona, na wiki hiyo hiyo analala hapa. Ni neno tu, Hitty. Wewe ulilisema. Ulikufa?"

Nilimtazama kaka yangu. Hakuwa na ubaya usoni, alikuwa amechoka, na mwanangu amelala begani kwake. Hayo maneno niliyajua. Niliwahi kumwambia mume wangu yeye hayupo, kwa sauti ile ile.

Nilimtaka mume wangu arudi. Nilimtaka mpaka meno yaliniuma. Na nilijua kwamba nikipanda mkokoteni ule, nikaenda nikapiga magoti kwenye mawe na kumwomba, atalisema. Safari hii atalisema, kwa ajili yangu, kisha atarudi kukaa hapa motoni, na mimi nitakaa na mtu niliyemvunja mwenyewe mpaka nizeeke.

Nikamchukua mtoto begani kwake.

"Toka nyumbani kwangu," nikamwambia.

"Dada..."

"Toka, kaka. Unga uache."

Akasimama kidogo, kofia mkononi, kama anayengoja nibadili neno. Sikubadili. Akatoka, akaufunga mlango taratibu ili asimwamshe mtoto. Mlango ulikaa vizuri kwenye fremu yake, haukuacha hata ufa. Ni yeye aliyeuning'iniza.